Rezo Inapojaa, Simu ya Hospitali Ipite Wapi?

Kila mara Goma inapotikiswa, iwe ni moto wa Nyiragongo au milio ya silaha, lalamiko hurudi lilelile: rezo imejaa, hata hospitali haipatikani. Hapo ndipo hoja zinapochanganyika. Mmoja anasema hospitali zipewe namba ya kijani. Mwingine anataka zipewe inite za bure. Wa tatu anaapa kwamba wakubwa wana simu zisizokataa kamwe, ila wanatuficha. Wa nne anauliza kwa nini tunahangaika wakati WhatsApp ipo.

Katika yote hayo, swali lenyewe linapotea: je, inawezekana simu ya hospitali ipite pale ambapo yangu na yako zinakataa? Inawezekana, na kuna nchi zinazofanya hivyo kwa miaka mingi sasa. Lakini mkurugenzi wa hospitali hawezi kwenda kuinunua haki hiyo kibandani siku ambayo mambo yameharibika. Huandaliwa mapema, ndani ya rezo yenyewe, na watu wachache wanaojulikana kwa majina ya kazi zao. Ndiyo maana inafaa tuielewe kabla ya dharura nyingine.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo wengi wanateleza. Namba ya kijani ni namba ambayo anayepiga hakatwi inite. Gharama inabebwa na mwenye namba. Haina zaidi ya hapo. Rezo ikijaa, namba ya kijani inakwama pamoja na namba nyingine zote. Namba ya dharura, kama 112 inayotambuliwa na simu za mkononi karibu kila mahali duniani, ni njia ya raia kuwafikia waokoaji. Rezo huishughulikia tofauti na simu ya kawaida, lakini haina faida kama upande wa pili hakuna aliyekaa kuipokea. Kipaumbele cha simu ni jambo la tatu kabisa: ni haki iliyoandikwa ndani ya mitambo ya kampuni, kwamba ombi la simu kutoka namba fulani lishughulikiwe kabla ya maombi mengine. Hiyo inawahusu wanaookoa wenyewe: muuguzi anamtafuta dokta, dokta anatafuta damu, hospitali inamtafuta dereva wa ambilansi. Inite hazihusiki hapa.

Antene moja, nafasi chache

Kila antene ina idadi ya mazungumzo inayoweza kubeba kwa wakati mmoja, na idadi hiyo ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Rezo ya 2G, ambayo bado inabeba sauti za simu nyingi za kawaida, hugawa kila wimbi moja la redio katika nafasi nane. Fikiria bomba la maji la kartiye lenye robine nane na bidoni za manjano zimejipanga mbele yake. Robine moja imetengwa kwa kazi za kuratibu: hapo ndipo simu yako inapoomba kupiga, inapoambiwa kuna mtu anakutafuta, na hapo pia SMS hupita. Saba zilizobaki ndizo za mazungumzo. Upande wa antene wenye mawimbi mawili unaweza kuwa na nafasi 14 hivi za kuzungumza. Kampuni inaweza kubana watu wawili katika nafasi moja, sauti ikipungua uzuri, na antene kubwa zina mawimbi zaidi. 3G na 4G zina hesabu zao. Hata hivyo, kikomo kipo kila mahali.

Kampuni hazikosei kujenga hivyo. Mhandisi wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha mwaka 1917 hesabu inayotumika hadi leo: kwa kuwa watu hawapigi simu wote kwa pamoja, unaweza kuhudumia umati kwa njia chache, mradi ukubali kwamba mara chache mtu atakataliwa. Hesabu hiyo inafanya kazi vizuri siku ya soko, siku ya harusi, hata siku ya mechi. Inavunjika siku ambayo kila mtu ana sababu ileile ya kupiga katika dakika ileile.

Siku kama hiyo tuliiona Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, anga lilipogeuka jekundu juu ya Nyiragongo wakati wa jioni. Lava iliteremka hadi Buhene na kukata barabara ya Rutshuru. Alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi alitangaza kartiye 10 kati ya 18 za mji zihame, na watu wakatawanyika kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi, na kwa mashua kuelekea Bukavu. Familia zilizopoteana barabarani zilikuwa na chombo kimoja tu cha kutafutana.

Kuna jambo tunalolifanya sote ambalo huzidisha msongamano. Kwenye bomba, ukikuta robine zote zina watu, unaweka bidoni yako mstarini na kungoja. Rezo ya simu haina mstari kwa mtu wa kawaida. Ukikuta nafasi zote zimeshikwa, unarudishwa, unaanza upya. Basi tunabonyeza tena, na tena. Kila jaribio, hata lililoshindwa, linapita kwenye ile robine moja ya kuratibu. Hata bipu, ambayo tunaiona haina gharama kwa kuwa haikati inite, inaishughulisha rezo kama ombi jingine lolote. Hufika mahali nafasi ya kuzungumza imepatikana, lakini ombi lako halisikiki kwa sababu ya umati unaoomba. Ndiyo maana SMS mara nyingi hufika wakati sauti imeshindikana: ni ndogo, inabaki kwenye mitambo ikisubiri, inaingia penye upenyo. Ikichelewa nusu saa, habari ya «tuko salama, tumefika Sake» bado ina thamani.

Kwa hospitali, nusu saa ni kitu kingine. Mweke hapo muuguzi wa zamu ya usiku katika kituo cha afya, tuseme upande wa Kanyaruchinya. Mama amejifungua vizuri, kisha damu haikomi. Sindano ya kukaza kizazi imechomwa, tumbo limekandwa, kitambaa cha tatu kimelowa. Muuguzi anatakiwa kujua mambo matatu kabla ya kumtoa mama yule kitandani: gari liko wapi, chumba cha upasuaji kina nafasi, na damu ya kundi lake ipo au haipo.

«Dokta, mama anavuja. Ni O negatifu.»

«Mifuko iko miwili tu. Mlete. Ambilansi inatoka sasa, mkutane nayo barabarani.»

Mazungumzo hayo hayamalizi dakika moja. Lakini bila hayo, muuguzi anaweza kumpeleka mama kwenye hospitali isiyo na damu, wakati yenye damu iko umbali uleule upande wa pili. SMS haitoshi hapa, kwa sababu swali la pili linategemea jibu la kwanza. Ninapotetea kipaumbele, ndicho ninachokitetea: nafasi moja, kwa dakika moja, kwa mtu mwenye sababu kama hiyo.

Kuingia, kungoja, kutengenezewa

Watu wanaposema «kipaumbele» wanakuwa wamefunga pamoja vitu vitatu ambavyo ni vema tuvitenganishe.

Cha kwanza ni ruhusa ya kuomba. Kila kadi ya simu, hata iliyo mfukoni mwako sasa, imeandikiwa daraja kati ya 0 na 9. Daraja hilo halihusiani na pesa yako wala jina lako. Linagawanywa tu ili watu wasambae sawa. Juu yake kuna madaraja maalumu, 11 hadi 15, yaliyowekwa na wataalamu wa simu za mkononi duniani: mawili ni ya kampuni yenyewe na wafanyakazi wake, 12 ni la vyombo vya usalama, 13 la huduma kama maji, 14 la huduma za dharura. Rezo ikizidiwa, kampuni inaweza kuiambia antene ikatae kwa muda maombi ya baadhi ya madaraja ya kawaida, halafu izungushe zamu. Geti la uwanja wa bomba limefungwa nusu, na mwenye kadi ya daraja maalumu anapita. Kwa hiyo wale wanaosema «simu za wakubwa hazikataliwi» wana chembe ya ukweli mkononi, ila wanakosea kudhani ni suala la ukubwa. Ni suala la kadi iliyoandikwaje.

Cha pili ni nafasi mstarini. Marekani ina mpango wa simu za mkononi ambapo mtu aliyeandikishwa huanza kwa kubonyeza *272, kisha namba anayoitafuta. Nafasi zote zikiwa zimeshikwa, yeye harudishwi. Ombi lake hukaa mbele, na robine ya kwanza kufunguka inakuwa yake. Mpango huo una ngazi tano. Ya kwanza ni ya viongozi wakuu wa nchi. Uongozi wa afya ya umma, pamoja na polisi na zimamoto, uko ngazi ya tatu. Mpango huo ulianza baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na ulikuta mwingine wa tangu miaka ya 1990 ambao hutumia kadi yenye namba ya siri na kusukuma simu mbele kote njiani, kutoka kampuni hadi kampuni. Wanashauriwa kutumia yote miwili kwa pamoja, kwa sababu kuingia kwenye antene yako ni nusu ya safari tu. Antene ya unayempigia nayo inaweza kuwa imejaa.

Hofu kubwa ninayoisikia ni hii: «Basi watanikatia simu yangu katikati ili dokta azungumze.» Mfumo wa *272 ulijengwa juu ya kungoja nafasi inayofuata. Katika kungoja huko, bidoni yako haimwagwi. Mwenye dharura anaweka ya kwake mara tu ya kwako inapojaa. Ipo mitambo inayoweza kukata simu inayoendelea ili kumpisha mwingine, hasa ya kijeshi, lakini hospitali hazihitaji ukali huo. Mazungumzo kwenye antene yenye shughuli huisha kila baada ya sekunde chache, na kungoja sekunde hizo ni tofauti kabisa na kupiga mara arobaini bila kupita. Hofu nyingine, kwamba mwenye kipaumbele anaweza kusikiliza simu za watu, haina msingi wowote. Kuwa wa kwanza mstarini hakukuonyeshi kilichomo kwenye bidoni za wenzako.

Cha tatu kinasahaulika sana: nani atengenezewe kwanza. Marekani ina kanuni tangu 1988 inayolazimisha kampuni, zinapokuwa na mafundi wachache na nyaya nyingi zilizokatika, kuanza na njia za taasisi zilizoandikishwa, hospitali zikiwemo. Kwetu hili lina uzito kuliko mawili yaliyotangulia. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika, huku hospitali kama Ndosho na Kyeshero zikipokea majeruhi kupita uwezo wa vitanda vyao. Antene isiyo na umeme haina mstari wa kupanga. Maji yasipofika kwenye bomba, kusimama wa kwanza hakumsaidii yeyote. Kwa hiyo, mtu akiniuliza hospitali ianze kuomba nini, nitamjibu: iulize antene inayoihudumia ina betri za saa ngapi, na jenereta yake hutiwa mafuta na nani barabara zikifungwa.

London na orodha yake

Uingereza ilikuwa na mfumo wa lile geti la madaraja muda mrefu kabla ya tarehe 7 Julai 2005, siku mabomu yalipolipuka katika treni za chini ya ardhi na basi mjini London. Rezo zilijaa. Viongozi wa uokoaji walikaa, wakajadili kama wafunge geti, wakaamua wasifunge, kwa sababu mbili: raia wangeshikwa na taharuki, na hawakuwa na hakika kama watu wanaostahili kweli walikuwa na simu zenye kadi maalumu. Hata hivyo polisi wa eneo la City waliomba geti lifungwe kwenye rezo ya kampuni moja, kuzunguka kituo cha Aldgate, na likafungwa kwa saa kadhaa. Mitambo ilifanya kazi kama ilivyoundwa. Lakini pale ambapo mwokoaji hana kadi, geti lililofungwa linamzuia yeye pia. Mwaka uliofuata wajumbe wa baraza la jiji walilichambua jambo hilo hadharani, na mwaka 2009 mfumo ukabadilishwa.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha shughuli nzima. Mitambo ipo, kinachookoa au kuangusha ni orodha. Kwetu Goma orodha hiyo ingeanzia wapi? Mtu atataja haraka daktari mkuu wa Hospitali ya Mkoa, ya HEAL Africa, ya Virunga. Sawa. Lakini usiku, anayeanza kupiga simu ni muuguzi wa kituo cha afya, na anayehitaji kupatikana ni dereva, mtu wa maabara, na mtu wa damu. Mara nyingi muuguzi huyo anatumia simu yake binafsi na inite alizonunua mwenyewe. Ukimwandikia kipaumbele kwenye kadi yake, akihamishwa anaondoka nacho, na kituo kinabaki bubu. Kipaumbele kiandikwe kwa simu ya kituo, inayokaa mezani pa zamu, na orodha ipitiwe upya kila wahudumu wanapobadilishwa. Zoni za afya za Goma, Karisimbi na Nyiragongo zinazijua zamu hizo. Mtu wa mbali hazijui.

Jambo la pili ni kutochanganya. Madaraja yenyewe yameshatenganisha: 12 ni la usalama, 14 ni la dharura. Katika mji kama wetu utengano huo ni ulinzi. Mikataba ya Geneva inazilinda hospitali na ambilansi kwa sababu hazishiki upande. Ikiwa orodha ya simu za tiba itawekwa kapu moja na ya wanajeshi, ya upande wowote ule, kesho mtu mwenye bunduki atamtazama muuguzi kama mshirika wa adui yake. Orodha ya afya iwe ya afya tupu.

Na jambo la tatu ni mpaka. Simu iliyo Birere au karibu na Barrière hushika rezo ya Rwanda bila kuombwa, na wengi tunatembea na kadi mbili. Kipaumbele kilichotolewa na kampuni moja hakivuki kwenda kwa nyingine, sembuse kuvuka mpaka, hadi kampuni zenyewe ziwe zimekubaliana kukitambua. Ndiyo sababu hili haliwezi kuwa fadhila ya kampuni moja kwa hospitali moja. Nchini Kongo, msimamizi wa kampuni za simu ni ARPTC, na sheria ya mawasiliano ni ile ya tarehe 25 Novemba 2020. Hapo ndipo ombi la pamoja linapaswa kupelekwa, likiwa na orodha mkononi. Hospitali ikienda peke yake kwenye duka la kampuni itauziwa forfait kubwa ya mwezi, na forfait haimsogezi mtu hatua moja mstarini.

Kuhusu WhatsApp: inapita kwenye intaneti, na kipaumbele cha sauti hakiigusi. Intaneti ikizimwa au ikijaa, kundi la WhatsApp la madaktari linanyamaza lote kwa mara moja. Kundi liendelee, ila lisiwe njia pekee.

Wazee wa kazi ya afya wanaikumbuka phonie, redio ya masafa marefu iliyokaa ofisini mwa zoni na kupokea habari za vijiji kwa saa maalumu. Haihitaji antene ya kampuni yoyote, wala haijui kitu kinachoitwa kujaa kwa rezo. Betri ya gari na waya uliofungwa vizuri juu ya paa vinaitosha. Naona kosa kubwa pale phonie inapohamishiwa stoo kwa sababu kila mtu ana simu ya kioo. Pamoja na redio za mkononi kati ya hospitali na ambilansi, hiyo ndiyo njia ya kurudia pale ambapo hata geti, mstari na fundi vyote vimeshindwa.

Sisi wengine nasi tuna sehemu yetu, hata bila sheria mpya. Mlima ukiwaka, tuma SMS moja fupi kwa mtu mmoja wa familia, na yeye awajulishe wengine. Simu isipopita, ngoja dakika chache kabla ya kujaribu tena. Acha bipu.

Hospitali, kwa upande wao, zinaweza kuanza wiki hii na karatasi moja ukutani pa zamu: namba za simu za kituo, za rezo mbili tofauti, za hospitali inayopokea wagonjwa wao usiku, ya dereva, ya damu, pamoja na saa ya phonie. Ijaribiwe kila mwezi kwa kupiga kweli, usiku, na aliye zamu. Namba isiyopokelewa mara mbili mfululizo ifutwe, na iandikwe ya mtu anayeamka.